Sindano Moja ya Mgongo, Dawa Tatu

Mama anayejifungua kwa upasuaji baada ya kuchomwa sindano ya mgongo huwa macho. Makali ya kisu hayasikii. Hata hivyo, daktari akiutoa mji wa mimba nje ili aushone, baadhi ya akina mama huhisi mvuto mzito unaopanda hadi kifuani, pamoja na kichefuchefu. Wengi hudhani ganzi imekwisha, kumbe bado ipo.

Dawa ya msingi ni bupivakaini, kwa kawaida miligramu 10 hadi 12, iliyotiwa glukosi ili iwe nzito kuliko maji ya uti wa mgongo na izame kufuata mama alivyolazwa. Tunataka ganzi ifike usawa wa chuchu. Kuiongeza kiholela hakufai: kadiri inavyopanda, ndivyo mishipa ya damu inavyotanuka na presha kuporomoka, naye mtoto angali tumboni.

Ndiyo maana huchanganywa na fentanili, mikrogramu 10 hadi 25. Bupivakaini huzuia mshipa wa fahamu usipitishe taarifa. Fentanili hupunguza maumivu ndani ya uti wenyewe. Kwa kuwa njia zao ni tofauti, kiasi kidogo cha kila moja hutosha, na ule mvuto hupungua. Lakini baada ya saa chache nguvu ya fentanili huisha.

Dawa ya tatu, mofini, haina haraka, ila hudumu hata saa 24. Mama huweza kuinuka na kumnyonyesha mwanawe bila kukunja uso. Gharama yake ni kuwashwa, hasa puani na usoni (si mzio, msikimbilie kumwambia asitumie tena dawa hiyo), kutapika, na mara chache pumzi kuzorota saa nyingi baadaye. Kwa maoni yangu, wodi isiyo na muuguzi wa kuhesabu pumzi usiku isiitumie.

Tena kipimo chake ni kidogo mno. Mikrogramu 100 zinatosha, ilhali ampuli moja ya miligramu 10 ina dozi 100 za namna hiyo. Ukikosea nukta moja unapoizimua, umempa mara kumi. Na iwe ile isiyo na kemikali za kuhifadhia.

Kuna kosa baya zaidi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kutoka, kuchomwa mgongoni kwa kuwa ampuli yake hufanana na ya bupivakaini. Humtia mgonjwa degedege, na huweza kumuua. Isiwekwe kabisa kwenye trei ya ganzi, na anayevuta dawa aisome lebo kwa sauti, mwenzake akiitazama.