Je, Wajua? Chupa Moja, Sauti Mbili

Panga chupa nne za soda za kioo zinazofanana, kila moja na maji mengi kuliko iliyotangulia. Mtoto akizigonga taratibu kwa kijiko, yenye maji mengi zaidi hutoa sauti nzito kuliko zote. Kinachotetema ni kioo, na uzito wa maji hukipunguzia kasi.

Sasa apulize juu ya mdomo wa chupa. Mambo hugeuka: ile ile yenye maji mengi hutoa sauti nyembamba, kwa kuwa safari hii inatetema hewa, nayo imebaki kidogo.

Mwenzake aongeze mdundo kwa kopo lenye punje chache za mahindi. Msilijaze pomoni, punje zikikosa nafasi ya kurukaruka, kopo halilii.