Ayubu: Mfiwa aliyelia na kulalamika, na bado akasifiwa na Mungu

MSIBA unapotokea mjini, maneno ya kuwafariji wafiwa huwa tayari vinywani mwa watu. "Kazi ya Mungu haina makosa," husema mmoja. "Ni mipango yake," huongeza mwingine. Na mchungaji au katekista anaposimama chini ya turubai kusoma Neno, mara nyingi hufungua sura ya kwanza ya Kitabu cha Ayubu, pale ambapo mtu aliyepoteza kila kitu anakiri kwamba aliyempa ndiye aliyetwaa, kisha analibariki jina lake.

Maneno hayo ni ya imani, na wapo wengi wanaotiwa nguvu nayo. Lakini wapo pia wafiwa wanaoyasikia kama amri ya kunyamaza. Mama aliyemzika mwanawe, mjane aliyetolewa ndani ya nyumba na shemeji zake, au kijana aliyepokea majibu ya kipimo asiyoyatarajia, huweza kujiona mwenye imani haba kwa sababu tu moyo wake haujafika mahali alipofika Ayubu katika sura hiyo ya kwanza.

Jambo linalosahaulika ni kwamba Ayubu mwenyewe hakubaki hapo. Kitabu chake kina sura 42, na yule Ayubu mtulivu, anayetolewa mfano katika mahubiri, anapatikana zaidi katika sura mbili za mwanzo. Kuanzia sura ya tatu anasimama Ayubu mwingine, na ndani ya kilio chake ndimo watu wengi waliokata tamaa walimopata faraja.

Subira iliyokuwa methali

Kwa mujibu wa kitabu hicho, Ayubu aliishi katika nchi ya Usi, akiwa na wana saba, mabinti watatu, kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500. Katika siku moja wajumbe wanne walimfikia kwa kufuatana, kila mmoja akiwa na habari mbaya kuliko ya aliyemtangulia. Mifugo iliporwa na kuteketea, watumishi waliuawa, na mwishowe upepo mkali uliiangusha nyumba walimokuwamo watoto wake wote. Baadaye mwili wake ulijaa majipu tangu nyayo hadi utosi.

Sifa ya subira yake imeenea mbali. Waraka wa Yakobo, katika sura ya tano, unaitaja kama mfano kwa waumini. Kurani nayo inamtaja Nabii Ayubu katika sura nne, na katika Sura Sad anasifiwa kwa kuvumilia. Katika pwani ya Afrika Mashariki kuna Utenzi wa Ayubu, unaosimulia mitihani yake kwa Kiswahili, ambao mtaalamu Alice Werner aliuchapisha mjini London katika miaka ya 1920. Si ajabu, basi, kwamba Mkristo na Mwislamu husema kwa pamoja "subira ya Ayubu" bila kuhitaji maelezo.

Hata hivyo, katika maandiko ya Biblia, subira hiyo haikuwa kimya. Katika sura ya tatu Ayubu anailaani siku aliyozaliwa. Anauliza kwa nini hakufa tumboni mwa mama yake, na kwa nini nuru wapewe watu ambao roho zao zimejaa uchungu. Katika sura zinazofuata anamwambia Mungu ana kwa ana kwamba ameonewa, na anataka shauri lake lisikilizwe kama mtu aliye mbele ya hakimu.

Wafariji waliomwongezea mzigo

Marafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walisafiri kutoka kwao ili wampe pole. Walipomwona hawakumtambua. Walilia, wakararua mavazi yao, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona jinsi maumivu yake yalivyokuwa makubwa.

Tatizo lilianza walipojibu kilio chake. Hoja yao ilikuwa nyepesi kufuatika: Mungu ni mwenye haki, mateso ni malipo ya dhambi, na kwa hiyo anayeteseka lazima ametenda dhambi. Bildadi alithubutu kumwambia baba aliyetoka kupoteza watoto 10 kwamba huenda walipata walichostahili. Sofari alidai kwamba adhabu ya Ayubu ilikuwa ndogo kuliko makosa yake. Kufikia sura ya 22, Elifazi alikuwa akimzushia makosa, likiwamo la kuwafukuza wajane mikono mitupu. Ayubu aliwajibu kwamba faraja yao ilikuwa ni usumbufu mtupu.

Hoja hiyo ya marafiki haijafa. Husikika pale mgonjwa anapoulizwa alimkosea nani, au mwanamke asiye na mtoto anapoambiwa achunguze maisha yake ya zamani. Ugonjwa wa Ukimwi ulipoenea barani Afrika, ilipata nguvu mpya. Katika makanisa mengi wagonjwa waliambiwa kwamba wanavuna walichopanda.

Kilio cha Ayubu katika vikundi vya Siyaphila

Mfano wa namna kitabu hiki kilivyowasaidia watu unatoka Afrika Kusini. Mjini Pietermaritzburg, katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, kuna kituo kiitwacho Ujamaa Centre, ambacho jina lake limetokana na neno la Kiswahili. Kituo hicho huwakutanisha wasomi wa Biblia na watu wa kawaida, hasa maskini, ili wasome Maandiko pamoja kwa kuyahusisha na maisha yao.

Miongoni mwa waliosoma kwa njia hiyo walikuwa wanachama wa Siyaphila, mtandao wa vikundi vya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Jina hilo la Kizulu lina maana ya "tunaishi". Gerald West na Bongi Zengele wa kituo hicho walieleza habari zao katika makala waliyoichapisha mwaka 2004, mwaka ambao serikali ya Afrika Kusini ilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya Ukimwi katika hospitali za umma. Kabla ya hapo, kwa watu wengi wasio na fedha, majibu ya kipimo yalikuwa sawa na hukumu ya kifo.

Wanachama hao waliyafahamu vizuri maneno ya sura ya kwanza kwa sababu waliyasikia kila walipokwenda kuzika. Waliposoma sura ya tatu, mambo yalibadilika. Walikuta ndani ya Biblia, kitabu kilekile kilichotumiwa kuwahukumu, mtu mwadilifu akisema yale ambayo wao waliogopa kuyatamka hata katika sala. Wakaalikwa kutunga maombolezo yao wenyewe, kwa kufuata mfano wa Ayubu.

Kilio hicho hakikumponya mtu virusi, wala hakikuchukua nafasi ya dawa. Kilichofanyika ni kwamba mtu aliyedhani ametengwa na Mungu aligundua kuwa maumivu yake yana lugha, na kwamba lugha hiyo imo ndani ya Maandiko Matakatifu.

Nani aliyesema kweli?

Mwishoni mwa kitabu, Mungu anazungumza kutoka katika upepo wa kisulisuli. Haelezi kwa nini Ayubu aliteseka. Anamuuliza kuhusu misingi ya dunia, milango ya bahari, mbuzi wa milimani, mbuni na farasi wa vita. Wasomaji wengine huona majibu hayo kuwa makali, na wengine hupata amani kwa kuona kwamba aliyelalamika hatimaye alijibiwa na yule aliyemlalamikia.

Lakini aya inayobeba uzito wa pekee kwa mfiwa ni ya 7 katika sura ya 42. Hapo Mungu anamwambia Elifazi kwamba amemkasirikia yeye na wenzake wawili, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Waliomtetea Mungu kwa kumkandamiza mgonjwa wanaambiwa watoe sadaka, na yule waliyemhukumu ndiye anayetakiwa kuwaombea.

Aya iliyo kabla ya hiyo ina neno la Kiebrania ambalo limewafikirisha wafasiri kwa karne nyingi. Tafsiri nyingi husema kwamba Ayubu alitubu katika mavumbi na majivu. Hata hivyo, kitenzi hicho huweza pia kumaanisha kufarijika, na ndicho kilichotumika katika sura ya pili kuhusu marafiki waliokuja kumfariji. Kwa usomaji huo, faraja waliyoshindwa kumletea hatimaye ilimfikia akiwa bado ameketi majivuni, kabla mali yake haijarudishwa.

Mali hiyo ilirudishwa maradufu: kondoo wakawa 14,000 na ngamia 6,000. Watoto aliowapata baadaye walikuwa 10, idadi ileile ya mwanzo, na kitabu hakisemi popote kwamba waliwafuta wale waliozikwa. Kinasema kwamba ndugu zake, dada zake na wote waliomfahamu zamani walikwenda nyumbani kwake, wakala naye chakula, wakampa pole, na kila mmoja akamwachia kipande cha fedha na pete ya dhahabu.

Kwa mtu anayejiandaa kwenda msibani wiki hii, hayo ni mafundisho yanayotekelezeka. Kuketi na mfiwa bila kuharakisha maneno, kula naye, na kuweka rambirambi mkononi mwake vinatajwa katika kitabu hicho kama matendo ya faraja. Na mfiwa anayelia usiku akimuuliza Mungu "kwa nini mimi?" hana sababu ya kujiona ameasi. Swali hilo liliwahi kuulizwa na mtu ambaye Mungu mwenyewe, baada ya kuyasikia yote, alimwita mtumishi wake.