Kutibu kiwiko cha tenisi bila upasuaji

Kiwiko cha tenisi ni maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, pale kano za misuli inayoinua kiganja zinaposhikana na mfupa. Wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi: ni maseremala, wapaka rangi na wafua nguo, hasa wa umri wa miaka 30 hadi 50. Kukamua nguo tu kunatosha kuamsha maumivu.

Wengi hupona bila kisu, ingawa huweza kuchukua hata mwaka mzima. Kwanza ipunguzwe kazi inayouchokoza mkono, bila kuupumzisha kabisa. Barafu, dawa za maumivu na mkanda wa kubana chini ya kiwiko hutuliza tu.

Tiba yenyewe ni mazoezi. Mkono hulazwa mezani, kiganja kikitazama chini na kuning'inia ukingoni, kimeshika chupa ya maji ya nusu lita. Mkono wa pili hukiinua, kisha kiganja hushuka chenyewe polepole, mara 10 hadi 15. Maumivu madogo huvumilika. Yakizidi, maji yapunguzwe.

Sindano ya steroidi inavutia mno: nafuu huja upesi, lakini baada ya mwaka waliochomwa mara nyingi huwa na hali mbaya kuliko wasiochomwa. Ganzi ya vidole au kiwiko kilichovimba humhitaji daktari.