Maandamano na Polisi wa Marekani: Nini Kilibadilika?

George Floyd aliuawa Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, na mamilioni ya watu wakaingia barabarani. Derek Chauvin, polisi aliyemkandamiza shingo kwa goti kwa zaidi ya dakika tisa, alihukumiwa mwaka 2021 kifungo cha miaka 22 na nusu. Hukumu kama hiyo ni nadra. Taarifa ya kwanza ya polisi ilitaja tatizo la kiafya tu. Bila video ya mpita njia, huenda kesi isingefika mbali.

Kugeuza sheria kulikuwa kugumu zaidi. Majimbo kadhaa yalipiga marufuku ukabaji wa shingo, na Colorado ikaruhusu raia kuwashtaki polisi mmoja mmoja. Muswada wa kitaifa wenye jina la Floyd, hata hivyo, ulipita Baraza la Wawakilishi ukakwama katika Seneti. Huko Minneapolis, madiwani wengi waliahidi kuivunja idara ya polisi. Novemba 2021 wapiga kura, wakiwa na hofu ya uhalifu, walikataa.

Mwaka 2023 wachunguzi wa Wizara ya Sheria walieleza ubaguzi wa idara hiyo kwa kina. Mpango wa marekebisho ulikubaliwa Januari 2025, serikali mpya ikauondoa mahakamani Mei. Ahadi za Washington, kumbe, hufuata uchaguzi. Makubaliano ya jiji na jimbo la Minnesota ndiyo yaliyodumu: yana msimamizi huru, na yanazuia polisi kusimamisha gari kwa sababu tu ya taa mbovu.