Kipande si uraia: kweli na uongo kuhusu misako ya watu

Aprili 2014 uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, pale tunapokwenda kuwashangilia Harambee Stars, timu yetu ya taifa, ulitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa kituo cha polisi. Tarehe 31 Machi milipuko ilikuwa imeua watu 6 mtaani Eastleigh, na serikali ikajibu kwa msako ulioitwa Usalama Watch. Katika majuma machache watu wapatao 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali: wakimbizi, wageni wenye vibali, na Wakenya wenzetu waliozaliwa hapa hapa. Milango ilibishwa usiku wa manane. Katika kituo cha Pangani, mamia walisongamanishwa ndani ya seli zilizojengwa kwa ajili ya watu 20.

Miaka imepita, lakini maneno yaliyotumika kuuhalalisha msako ule bado nayasikia kwenye matatu, redioni, hata matangani. Nimeona niyapime moja baada ya jingine.

"Asiye na kipande ni mgeni."

Si kweli, na uongo mwingine wote unaota kwenye shina hili.

Neno lenyewe lina historia. Chini ya mkoloni, kipande kilikuwa karatasi yenye alama za vidole na maelezo ya mwajiri. Mwanaume Mwafrika aliitia ndani ya kikasha cha chuma na kukivaa shingoni kwa kamba. Asiyekuwa nacho alikamatwa barabarani. Mpinga ukoloni Harry Thuku alipokamatwa mwaka 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga. Siku hizi ni kadi ndogo ya kitambulisho inayoingia kwenye pochi, ila jina tumelibakiza lile lile, na wengi wetu bado tunajipapasa mfukoni tukimwona askari.

Tazama kadi hiyo inavyopatikana. Kijana wa Nyeri anapeleka cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, chifu anatia sahihi, vidole vyote kumi vinapakwa wino, anapigwa picha, anapewa kijikaratasi cha kusubiria. Kwa miongo mingi kijana Mnubi wa Kibra, au Msomali wa Garissa, alifika dirisha lile lile akaambiwa yeye bado, lazima kwanza apigwe msasa. Akasimamishwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa wa usalama. Leta kipande cha babu yako. Babu alizikwa wapi? Wanubi waliletwa na Waingereza kama askari wa KAR, jeshi la mkoloni, na wakakaa Kibra tangu zaidi ya karne moja iliyopita, lakini mjukuu ndiye anayeulizwa ametoka wapi. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto ilitoa uamuzi wake wa kwanza kabisa, na ulihusu watoto hawa: ikaona Kenya imezivunja haki zao.

Katiba ya 2010, ibara ya 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa baba yake au mama yake ni raia. Kadi haijatajwa. Kadi ni ushahidi wa uraia, na ofisi inapomnyima mtu ushahidi huo, kisha askari akamkamata kwa kuukosa, serikali hiyo hiyo ndiyo iliyomtengenezea kosa.

"Kukusanya watu kwa wingi huleta usalama."

Si kweli. Msako ulianza Aprili. Juni watu waliuawa Mpeketoni, Novemba na Desemba wakauawa Mandera, na tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mmoja wa washambuliaji wa Garissa alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria, mtoto wa chifu. Hakuna mtu aliyefungiwa Kasarani kwa kukosa karatasi ambaye kufungiwa kwake kungemzuia kijana yule.

Kilicholetwa na msako ni biashara. Eastleigh watu walikuwa wakisema polisi wamewageuza ATM: unakamatwa, unatoa pesa, unaachiliwa, na kona inayofuata askari mwingine anangoja. Mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ilieleza hongo na msongamano huo katika ripoti yake ya mwaka huo huo. Ibara ya 49 inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Wengi walikaa siku nyingi zaidi. Mama aliyelazimika kumnunua mwanawe kutoka seli hatapiga simu polisi akiona mgeni wa kutilia shaka mtaani kwake. Hasara hiyo ni yetu sote.

"Mambo hayo yalikuwa ya mkoloni."

Yalianza naye. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Uingereza liliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, likawasomba Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu. Walipitishwa mbele ya mtoa habari aliyevikwa gunia kichwani, macho tu yakionekana, na aliyetikisiwa kichwa alipakiwa lori kwenda Lang'ata, Mackinnon Road au Manyani. Msako wa Eastleigh uliangukia mwezi ule ule, miaka 60 kamili baadaye, na waliouamuru walikuwa wana wa nchi huru.

Katikati ya miaka hiyo kuna Wagalla. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye kiwanja cha ndege karibu na Wajir, wakawekwa juani bila maji, wengi wakauawa. Mwanzoni serikali ilikiri vifo 57; tume ya ukweli, TJRC, iliona idadi ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1989 Wasomali peke yao waliamriwa kujitokeza kukaguliwa upya uraia wao. Anayesema ukoloni ulikwisha na mambo yake aende Wajir akaseme hivyo.

"Mahakama ni ya serikali, kwenda huko ni kupoteza nauli."

Si kweli, ingawa simlaumu anayeamini hivyo. Julai 2013 Jaji David Majanja aliifuta amri ya kuwahamishia wakimbizi wote wa mijini kambini. Mwaka uliofuata amri kama hiyo ikarudi, na safari hiyo waliokwenda mahakamani wakashindwa. Februari 2017 Jaji John Mativo akaifuta amri ya kuifunga kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Unashinda, unashindwa, unarudi. Hukumu haimtoi mtu seli usiku ule anaokamatwa, lakini humpa wakili kitu cha kushika kesho yake.

"Watu wachache hawawezi kitu."

Waulize Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walitoka Msumbiji kuanzia miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu walizaliwa Msambweni bila kipande, na bila kipande huwezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti wala kupiga kura. Wengine walijificha ndani ya majina ya majirani zao Wadigo ili wapate kuishi. Sheria ya uraia ya 2011 iliwapa watu wasio na uraia miaka mitano kujiandikisha; muda ukaisha Agosti 2016 wao bado wako nje.

Oktoba hiyo mamia yao wakafunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi, wazee kwa vijana, wakafika Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha. Mapema mwaka 2017 zaidi ya 1,000 walivipokea, na Wamakonde wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Mlango ule haukufungwa nyuma yao: Washona walitambuliwa mwaka 2020, Wapemba wa Kilifi na Kwale mwaka 2023.

"Rais ameshaondoa kupigwa msasa, kwa hiyo yamekwisha."

Ni kweli kwamba Februari 2025 Rais Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kuondolewa kwa ukaguzi ule wa ziada kwa kaunti za mpakani. Ni tangazo lililosubiriwa mno. Lakini kuna kundi ambalo tatizo lao halikuwa kamati ya wazee.

Wakati wa ukame, familia za Kikenya zilizoishi kandokando ya kambi za Dadaab zilijiandikisha kama wakimbizi ili zipate mgao wa chakula. Watoto nao walichukuliwa alama za vidole. Miaka ikaenda, mtoto akafikisha 18, akatia vidole kwenye ofisi ya usajili, na kompyuta ikajibu kuwa yeye ni mkimbizi. Watu hawa wanakadiriwa kufikia 40,000. Bila kipande, kizuizi cha barabarani ndio mwisho wa safari yao. Mwaka 2021 shirika la Haki na Sheria la Garissa lilikwenda mahakamani pamoja na waathiriwa wenyewe, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikaamua kwa upande wao. Kazi iliyobaki ni ya mezani: kulitafuta jina moja moja, kulifuta kwenye daftari la wakimbizi, na kumwita mwenye jina aje atie vidole upya.