Kwa nini bunduki nzuri hukosa shabaha

ASKARI wa kikosi cha Marine cha Marekani waliokuwa wakipigana Vietnam walianza kupewa bunduki ya wadunguaji aina ya M40 mwaka 1966. Ilikuwa silaha nzuri: mtambo wa Remington 700, mtutu mzito, darubini ya Redfield na kitako cha mti wa walnati. Lakini baada ya kukaa katika mvua na joto la nchi hiyo, ilianza kupeleka risasi kusikotarajiwa, hata pale ambapo mtutu haukuwa na kasoro wala darubini haikuguswa.

Kosa lilikuwa la ubao. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Mwenye nyumba yeyote wa Pwani anaujua mlango unaofungika vizuri wakati wa kiangazi na kugoma masika ikifika. Mlango ukigoma, fundi huleta randa. Kitako cha bunduki kikivimba hakigomi. Huusukuma mtutu kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, na mlengaji hajui lolote mpaka risasi imekwenda kando.

Kiasi hicho si cha kupuuzwa. Wapigaji shabaha hupima usahihi kwa dakika, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi moja. Dakika moja ni karibu sentimita 3 kwa umbali wa meta 100. Bunduki iliyohama kwa dakika tatu hukosea karibu sentimita 9 hapo, lakini kwa meta 600 kosa linazidi nusu meta. Kwa mdunguaji, ambaye risasi ya kwanza ikikosa huwa ameshaonyesha alipojificha, nusu meta hiyo ni uhai wake na wa mwenzake aliye kando.

Hata pasipo mvua, tatizo lipo. Mtambo, yaani sehemu ya chuma inayobeba komeo na kushikilia mtutu, hukaa ndani ya bonde lililochongwa kwenye ubao, ukabanwa kwa skrubu mbili au tatu. Ni nadra bonde hilo kulingana na chuma kila mahali. Mtambo hukalia vilele vichache tu vya mbao, na skrubu zikikazwa, hupinda. Risasi inapopigwa, bunduki husukumwa nyuma kwa nguvu, na mtambo unaocheza hurudi mahali tofauti kidogo na pale ulipokuwa. Risasi ya pili basi inatoka katika bunduki ambayo, kwa hesabu kali, si ile ile.

Dawa yake ni kuulaza mtambo juu ya godoro lililofinyangwa kwa umbo lake. Fundi hukwangua mbao ndani ya bonde, hasa nyuma ya kile kipande cha chuma kinachojitokeza chini ya mtambo upande wa mbele, ambacho ndicho hupokea msukumo na kuukabidhi kwa kitako. Kisha hutia gundi ya epoksi iliyochanganywa na nyuzi za kioo au unga wa chuma, huutumbukiza mtambo na kusubiri gundi ikauke. Wengine huongeza mirija ya aluminiamu kuzunguka skrubu ili ubao usiminywe zinapokazwa.

Hatari yote iko katika kutumbukiza. Chuma lazima kipakwe nta kwanza, hata dawa ya viatu hutumika, na matundu yazibwe kwa udongo laini wa kuchezea watoto. Fundi akisahau sehemu moja, mtambo na kitako huwa kitu kimoja, na hapo huenda ikabidi kitako kikatwe. Vilevile skrubu hazikazwi kwa nguvu gundi ikiwa mbichi. Zikikazwa, chuma hupinda na gundi huganda ikifuata upindo huo; kosa la awali linabaki pale pale, ila sasa ni gumu zaidi kuliondoa.

Mtutu nao huachwa huru. Ubao ulio chini yake hukwanguliwa mpaka noti ya fedha ipite katikati, kuanzia mbele hadi karibu na mtambo. Kanuni hii haifai kila bunduki. Lee-Enfield ya Uingereza, ambayo askari na polisi wa Afrika Mashariki waliibeba miaka mingi enzi za ukoloni, ilitengenezwa kwa makusudi ili ubao uusukume mtutu juu karibu na mdomo wake. Fundi asiyejua hilo akiukwangua, anaiharibu silaha aliyodhani anaiponya.

Wala gundi haisaidii mtutu uliochakaa au darubini iliyolegea. Hata hivyo ni kazi ya gharama ndogo, na ni busara kuijaribu kabla ya kununua mtutu mpya.

Marine hawakuishia kwenye gundi. Katika miaka ya 1970 mafundi wao wa Quantico, jimbo la Virginia, walizijenga upya M40 na kuziita M40A1, wakaondoa walnati na kuweka kitako cha faibaglasi cha McMillan, kisichovimba kwa unyevu. Mtambo, hata hivyo, uliendelea kulazwa kwa gundi. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilipita njia nyingine lilipochagua M24 mwaka 1988: ndani ya kitako chake mliwekwa kipande cha aluminiamu kilichochongwa ili mtambo ukae moja kwa moja juu yake.