Zinki Yako, Propela ya Jirani

Msomaji anayefanya kazi kwenye boti ya kitalii huko Dubai anauliza: mbona zile zinki zinazofungwa chini ya boti, ambazo zamani zilidumu karibu mwaka mzima, siku hizi zinaliwa ndani ya wiki chache, tangu boti mpya iegeshwe ubavuni mwao? Nahodha wake anasema wameuziwa zinki feki. Mimi namshuku jirani, na kuliko jirani naushuku waya.

Habari za kutu nitaziruka. Aliyewahi kuezeka bati pwani anazijua. Kinachonisisimua ni kwamba boti iliyolala kwenye maji ya chumvi ni betri. Kuna propela ya aloi ya shaba, kuna zinki, na shafti inaviunganisha. Atomu ya zinki haina ubahili: huachia elektroni 2, kisha yenyewe huyeyuka ikawa ioni. Elektroni hupita ndani ya chuma mpaka kwenye propela, na pale juu ya uso wa shaba hudakwa na oksijeni iliyomo majini. Bahari nayo, kwa kusafirisha ioni, hukamilisha mzunguko. Tofauti kati ya zinki na shaba ni kama volti 0.7, chini ya nusu ya betri ya redio, ila hii haizimwi usiku wala sikukuu. Propela inapona kwa sababu zinki inaliwa badala yake. Ndiyo maana nasisitiza tuiite zinki ya kafara. “Anodi” haimwambii fundi kitu, na “zinki ya kinga” inaficha kwamba kuna anayekufa.

Sasa huo waya. Boti ikichomekwa umeme wa gatini, waya wa ethi, ule wa kijani na njano, huunganisha vyuma vyake vilivyo majini na vya kila boti iliyochomeka hapo. Fikiria nyumba ya wapangaji sita, mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Wewe una taa mbili na redio. Chumba cha tatu kahamia mtu na friji, pasi na jiko la umeme, na kila uniti zikiisha yeye hayupo, au yupo ila simu haina salio. Unanunua wewe, kwa kuwa wewe ndiye usiyevumilia giza. Uniti zinakwisha upesi, unailaumu mita! Siku ukigoma, atabanwa mwenye vijisenti anayefuata. Ndivyo ilivyo gatini: jirani asiye na zinki analindwa na yako, na yako ikiisha zamu inahamia kwenye chuma kinachofuata kwa ulaini wa mkono, mara nyingi aluminiamu ya injini ya mtu.

Hesabu ya ulaji huu ni ya mwanasayansi Faraday: ampea 1 ikipita kwa saa 1 hula gramu 1.22 za zinki. Miliampea 100 tu zinakula karibu gramu 3 kwa siku, kilo nzima kwa mwaka.

Kafara hii aliibuni mwanakemia Humphry Davy mwaka 1824, alipoombwa aokoe mabamba ya shaba yaliyofunika matumbo ya meli za kivita za Uingereza. Akabandika vipande vya zinki na chuma. Shaba ikaacha kuliwa. Kumbe ile shaba iliyokuwa ikiyeyuka ndiyo iliyokuwa sumu ya magugu na viumbe vya kung’ang’ania. Meli zikaota msitu, zikawa nzito, na wanamaji wakavibandua vipande vya Davy.

Msomaji wetu anunue kifaa cha diodi kinachofungwa kwenye waya wa ethi: kinazuia volti ndogo za namna hii na kupitisha hitilafu kubwa. Asithubutu kuukata waya wenyewe. Ataokoa zinki, aue mtu. Akitaka ushahidi wa kumpelekea nahodha, apime zinki mpya kwenye mizani ya jikoni, akae wiki mbili amechomeka na wiki mbili amechomoa, kila mara ampeleke mzamiaji akailete ipimwe tena.